Umevunjika au Mzito? Mwongozo wa Kuchunguza Maktaba za JavaScript kwenye Vivinjari Tofauti

Mteja anapopiga simu kusema mfumo haufunguki, anaweza kuwa anazungumzia mojawapo ya mambo mawili yasiyohusiana. Huenda ukurasa umevunjika: msimbo umegonga kosa ukasimama, na kitufe hakitaitika hata angoje mpaka jioni. Au ukurasa ni mzima ila ni mzito: prosesa ya simu yake inahangaika na kazi ambayo kompyuta yako huimaliza bila wewe kujua kwamba ilikuwepo. Kwa aliyeshika simu dalili ni ile ile, skrini nyeupe na kidole kinachobonyeza bure. Kwako wewe msanidi, njia ya kuchunguza la kwanza si njia ya kuchunguza la pili, na anayezichanganya hupoteza siku nzima aking'oa maktaba isiyo na kosa.

Wasanidi wengi tuna desturi ya kuihukumu maktaba mapema. jQuery imezeeka, Moment ni nzito, React ni kubwa mno. Huenda kuna ukweli ndani yake, lakini hukumu ya namna hiyo haionyeshi mstari unaoumiza, na maktaba mpya inaweza kutumiwa vibaya vile vile kama ya zamani. Shika ushahidi kwanza: kifaa gani, injini gani, faili gani, mstari gani. Uamuzi wa kuibakiza au kuitoa maktaba uje baada ya hapo.

Anza na kifaa

Muulize mteja aina ya simu, toleo la mfumo wake, kivinjari anachotumia, na alikofungulia kiungo. Hilo la mwisho husahaulika. Kiungo kilichobonyezwa ndani ya Facebook au Instagram hufunguka ndani ya programu hiyo yenyewe, na ukurasa unaweza kwenda tofauti na unavyokwenda kwenye Chrome ya simu ile ile.

Majina ya vivinjari ni mengi lakini injini kubwa ni tatu. Blink inaendesha Chrome, Opera, Samsung Internet na, tangu Januari 2020, Microsoft Edge. Gecko ni ya Firefox. WebKit ni ya Safari. Kwenye iPhone hesabu hubadilika: kwa miaka yote Apple imevilazimisha vivinjari vyote vya simu hiyo kutumia WebKit, na ilipolegeza sharti hilo mwaka 2024 kupitia iOS 17.4, ililegeza kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Maana yake, ukimwambia mteja wa Kariakoo mwenye iPhone afunge Safari afungue Chrome, umemrudisha kwenye injini ile ile. Kosa litabaki lilipokuwa, naye atapunguza imani kwako.

Jambo zito zaidi ni kwamba WebKit ya iPhone husasishwa pamoja na iOS. Simu isiyopokea tena iOS mpya haipati injini mpya. iPhone 6 iliishia iOS 12. iPhone 6s na iPhone 7 ziliishia iOS 15. Simu hizi za mtumba bado ziko mikononi mwa watu wengi Afrika Mashariki, na nyingi ya lawama za kwamba mfumo unafanya kazi kwa wengine lakini si kwa fulani huanzia hapo. Kwenye Android hali ni nafuu kidogo, maana Chrome husasishwa kupitia Play Store hata kama mfumo wa simu ni wa zamani. Hata hivyo simu ikijaa, au mwenyewe akizima masasisho ili kuokoa bando, Chrome yake hubaki nyuma.

Halafu ipo Opera Mini. Katika hali yake ya kubana data kupita kiasi, ukurasa hauendeshwi kwenye simu. Seva za Opera huufungua, huendesha JavaScript kwa muda mfupi, kisha hutuma simu matokeo yaliyobanwa. Maktaba inayotegemea kusikiliza kila mguso au kurudia kazi kila sekunde haina nafasi humo, na usipoteze muda kuitafutia dawa. Kinachookoa ni fomu ya kawaida ya HTML inayoweza kutumwa kwenye seva bila msaada wa skripti yoyote. Kama wateja wako wanatumia Opera Mini, jenga njia hiyo kwanza, kisha pamba juu yake.

Usitegemee kumbukumbu ya mteja peke yake. Weka skripti ndogo inayosikiliza matukio ya `error` na `unhandledrejection`, na kutuma kwenye seva yako ujumbe wa kosa, jina la faili, mstari na maelezo ya kivinjari. Skripti hiyo iwe ya kwanza kabisa ukurasani, ikae peke yake nje ya furushi kuu (bundle, faili linalokusanya msimbo wako na maktaba zako), na iandikwe kwa sintaksia ya zamani, yaani `var` na `function` za kawaida. Ukiitia ndani ya furushi kuu, siku furushi litakapokataliwa na kivinjari, mtoa taarifa naye atakataliwa pamoja nalo, na seva yako itakaa kimya ukidhani mambo ni shwari. Ukiona taarifa zinazosema `Script error.` bila mstari wala faili, maktaba inatoka kwenye seva ya watu wengine na kivinjari kinaficha undani wake. Ongeza sifa ya `crossorigin="anonymous"` kwenye tagi ya skripti, na hakikisha seva hiyo inaruhusu ombi la namna hiyo.

Ukurasa unapovunjika

Makosa ya kuvunja yanayoandikwa kwenye konsoli yako ya aina mbili, na kuyatofautisha ni nusu ya kazi. Aina ya kwanza ni ya sintaksia. Kivinjari husoma faili lote kabla ya kutekeleza mstari wa kwanza. Kikikuta alama kisiyoijua, hulitupa faili zima. Hata `try` na `catch` ulizoweka ndani yake hazisaidii, kwa kuwa hazikupata nafasi ya kuendeshwa.

Chukua kazi ndogo ya kuweka mikato kwenye shilingi, ili 1500000 isomeke 1,500,000. Msanidi ananakili ruwaza (regex) maarufu yenye kipande cha `(?<!`, kile kinachoangalia herufi zilizotangulia. Chrome imekijua kipande hicho tangu 2017 na Firefox tangu 2020, lakini Safari ilikipata katika toleo la 16.4, Machi 2023. Kwenye iPhone 7 iliyokwama iOS 15, konsoli inaandika `Invalid regular expression: invalid group specifier name`, na tovuti nzima inakuwa nyeupe: menyu, kuingia kwenye akaunti, malipo, kila kilichofungwa katika furushi hilo. Yote kwa sababu ya mkato wa pesa. Na si lazima uwe umeiandika wewe. Inaweza kuwa imekuja ndani ya maktaba ambayo maktaba yako inaitegemea. Babel, zana ya kugeuza sintaksia mpya iwe ya zamani, haikuokoi hapa, maana haina namna ya kuigeuza ruwaza hiyo iwe ya zamani. Kwa shilingi tumia `Intl.NumberFormat`, iliyokuwemo kwenye vivinjari miaka mingi kabla. Kwa ruwaza nyingine, iandike upya bila kipande hicho.

Sintaksia nyingine, kama `?.` iliyoingia kwenye vivinjari vikubwa mwanzoni mwa 2020, Babel huigeuza vizuri. Tatizo ni kwamba mipangilio mingi huiambia Babel iruke folda ya `node_modules`, kwa imani kwamba maktaba zilizomo zimeshageuzwa na waliozitunga. Zamani imani hiyo ilikuwa na msingi. Leo maktaba nyingi hutolewa zikiwa na sintaksia mpya, na mtungaji anakuachia wewe uamuzi. Matokeo yake msimbo wako unapita kwenye iPhone 6 na wa maktaba unakwama. Andika orodha ya vivinjari unavyovihudumia katika mpangilio wa `browserslist`, kisha itaje maktaba husika kwa jina ili nayo igeuzwe. Kama unatumia Vite, fahamu kwamba kwa kawaida hailengi simu za umri wa iOS 12. Kuna `@vitejs/plugin-legacy` kwa kazi hiyo. Na daima kagua faili lililotoka baada ya kujenga, maana ndilo linalomfikia mteja. Zana ya `es-check` inaweza kukuambia kama kuna sintaksia mpya iliyoponyoka humo.

Aina ya pili ni kukosekana kwa kitendo. Sintaksia inakubalika, ila msimbo unaita kitu ambacho kivinjari hakina: `replaceAll`, `ResizeObserver`, `structuredClone`, au `at` ya orodha. Hapa faili linaendeshwa mpaka lifike mstari huo, na konsoli husema wazi kwamba kitu fulani si kitendo au hakijulikani. Dawa yake ni polifili, kiraka cha msimbo kinachokitengeneza kitendo kilichokosekana. `core-js` ndiyo hazina inayotumika sana. Pakia polifili kabla ya maktaba inayoihitaji, na uziweke kwenye seva yako mwenyewe. Juni 2024 iligundulika kwamba anwani ya polyfill.io, iliyokuwa imeuzwa kwa wamiliki wapya mwaka huo huo, inasambaza msimbo wa hila kwa watembeleaji wa tovuti zilizoitegemea. Tovuti hizo zilikuwa zaidi ya 100,000, na wamiliki wake hawakuwa wamebadilisha chochote upande wao.

Unapotaka kujua kama kivinjari kinaweza jambo fulani, kiulize jambo lenyewe, kwa mfano `'IntersectionObserver' in window`. Usisome jina lake. Chrome mpaka leo hujitambulisha kwa maneno yenye Mozilla na Safari ndani yake.

Kuna aina nyingine isiyoandika kosa lolote, na mimi naiona ndiyo hatari kuliko zote: kila kivinjari kinajibu, ila majibu yanatofautiana. Tarehe ndizo zinazoongoza. MySQL hutoa wakati kwa umbo la `2024-03-05 14:30:00`, lenye nafasi katikati. Ukilipa `new Date` moja kwa moja, Chrome inalisoma. Matoleo ya zamani ya Safari yanarudisha `Invalid Date`, na kalenda uliyoipachika inabaki tupu bila maelezo. Weka herufi T mahali pa nafasi hiyo.

Tarehe isiyo na saa ina mtego wake. `new Date('2024-03-05')` husomwa kwa saa za dunia, UTC. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele, hivyo inakuwa saa tisa usiku wa tarehe ile ile na hakuna anayegundua. Mpe ukurasa huo ndugu aliyeko Washington naye atasoma tarehe 4 Machi, saa moja usiku. Mifumo ya michango ya harusi na ya vyama vya watu wa nyumbani walio ughaibuni huumia sana kwa hili, kwa sababu aliyeijenga aliijaribu akiwa upande mmoja tu wa dunia. Kwa tarehe ya siku tu, gawanya mwaka, mwezi na siku, kisha uipe `new Date` namba tatu, ukikumbuka kwamba miezi yake inaanza na sifuri.

Ukurasa unapokuwa mzito

Hapa usibadilishe kitu kabla ya kupima. Fungua zana za wasanidi kwenye Chrome, ingia paneli ya Performance, punguza kasi ya prosesa mara nne au sita, kisha rekodi lile tendo mteja analolilalamikia. Bora zaidi, unganisha simu halisi ya bei ya chini kwa waya wa USB, fungua `chrome://inspect` kwenye kompyuta yako, na urekodi kinachotendeka kwenye simu hiyo. Kwa iPhone utahitaji kompyuta ya Mac. Kupunguza kasi ya kompyuta yenye memori nyingi hakuigi kila udhaifu wa simu ndogo.

Rekodi itakuonyesha muda ulikokwenda. Kama umeishia kwenye kupakua, tazama paneli ya Network na ile ya Coverage, inayoonyesha kiasi cha kila faili ambacho hakikutumika. Si ajabu kukuta jQuery mara mbili katika ukurasa mmoja, moja ya kiolezo ulichonunua na nyingine ya programu-jalizi. Utakuta pia Moment imeburuta lugha zake zote zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo, ili ionyeshe tarehe moja chini ya ukurasa. Watunzaji wa Moment wenyewe walitangaza Septemba 2020 kwamba hawataiongezea mambo mapya, wakataja mbadala kama Luxon na Day.js. Day.js ikibanwa ina takriban kilobaiti 2, na namna ya kuiita inafanana sana na Moment, kwa hiyo kuhama hakutakugharimu sana. Skripti zisizohitajika kabla ya ukurasa kuonekana zipe sifa ya `defer`.

Mara nyingi, hata hivyo, faili limeshafika na kazi ndiyo inayochelewa. JavaScript ya ukurasa huendeshwa kwenye uzi mkuu, uzi ule ule unaopanga ukurasa na kupokea miguso. Kazi ikiushikilia zaidi ya milisekunde 50 zana huitia alama kuwa ndefu. Tangu Machi 2024 Google hupima mwitikio wa tovuti kwa kipimo cha INP: kubonyeza mpaka skrini kubadilika kusizidi milisekunde 200, na kukizidi 500 ukurasa huhesabiwa kuwa mbovu.

Mfano unaokutana nao katika mifumo mingi ya ofisi ni jedwali la DataTables. Chama cha akiba na mikopo kina wanachama 5,000, jedwali lina safu wima 8, na seva inaandika safu zote kwenye HTML kabla ya maktaba kuitwa. Hizo ni seli 40,000. Kivinjari kinazijenga zote, maktaba inazisoma zote, kisha inawaonyesha watu 10. Lawama inaiangukia DataTables, na mtu anaanza kutafuta maktaba nyingine ya majedwali ambayo ataipa seli zile zile 40,000. Lakini DataTables yenyewe ina mpangilio wa `serverSide`: seva inatoa safu za ukurasa unaoonekana tu, na kutafuta na kupanga kunafanyika kwenye hifadhidata, mahali pake. Kama data si nyingi kiasi hicho, ilete kwa Ajax ukitumia `deferRender`, ili safu ijengwe inapohitajika kuonekana. Mpangilio huo hausaidii kitu ikiwa safu zimeshaandikwa kwenye HTML, na wengi huuwasha katika hali hiyo hiyo wakashangaa kuona hakuna badiliko. Kisanduku cha kutafuta nacho kisipige hodi kwenye seva kwa kila herufi. Kingoje milisekunde 300 baada ya mtu kuacha kuandika.

Kosa jingine hujificha ndani ya kitanzi. Msimbo unasoma `offsetHeight` ya kipengele, unabadilisha mtindo wake, unahamia kingine na kusoma tena. Kila usomaji baada ya badiliko unakilazimisha kivinjari kupanga ukurasa upya papo hapo ili kitoe jibu sahihi. Kwa vipengele 10 huoni kitu. Kwa 500 simu inaganda. Kwenye rekodi utaona maneno Forced reflow, pamoja na mstari uliosababisha. Soma vipimo vyote kwanza, kisha ndipo uandike mabadiliko yote.

Uzito unaokuja polepole una asili nyingine. Karani anafungua mfumo asubuhi unakimbia, saa kumi jioni unajikokota, akifungua upya unapona. Hapo kuna kitu kinarundikana. Tafuta `setInterval` isiyozimwa, chati inayotengenezwa upya bila ya zamani kuondolewa kwa `destroy()`, na hasa visikilizaji vinavyofungwa ndani ya kitendo kinachoitwa kila mara dirisha dogo linapofunguka. Ukiweka `.on('click')` hapo, dirisha likifunguliwa mara ya tatu, bonyezo moja litatuma fomu mara tatu. Kwenye mfumo wa malipo huo si uzito tena, ni pesa ya mtu. Funga kisikilizaji mara moja tu, juu ya kipengele kisichobadilika, na weka kinga ya marudio kwenye seva pia.

Kuipata maktaba yenye kosa

Ushahidi ukielekea kwenye maktaba yenyewe, itenge. Tengeneza ukurasa mtupu wenye maktaba hiyo peke yake na data kidogo inayozalisha kosa. Kosa likitoweka, rudisha vitu vingine kimoja kimoja mpaka lirejee. Kama mfumo ulikuwa mzima wiki iliyopita, tumia `npm ls` kuona matoleo yaliyowekwa kweli, na `git bisect` kupata badiliko lililoleta tatizo. Faili la kufungia matoleo liwe kwenye hazina ya msimbo, vinginevyo mwenzako atajenga kwa matoleo mengine na mtabishana bure. Ukurasa huo mdogo ndio pia utakaowapelekea watunzaji wa maktaba, pamoja na toleo la maktaba, la kivinjari na la simu. Bila hayo hawana pa kuanzia.

Sasa unaweza kuamua. jQuery ilitoka mwaka 2006 ikiwa na kazi kubwa ya kuficha tofauti za vivinjari vya wakati huo. Internet Explorer 11 iliachwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022, na mengi yaliyokuwa ya jQuery sasa yamo ndani ya vivinjari vyenyewe: `querySelectorAll`, `classList`, `fetch`. Kwa mradi mpya sioni sababu ya kuianza. Lakini kuing'oa kwenye mfumo uliokwisha simama, ambao majedwali yake yote yanaitegemea, ni kazi ya wiki nyingi ambayo karani hataiona kwenye kasi. Toa maktaba pale rekodi inapokuonyesha kwamba yenyewe ndiyo inayokula muda, au watunzaji wake wanapoacha kuziba matundu ya usalama.

Kabla ya kukabidhi mfumo wowote, andika katika makubaliano yako na mteja simu na matoleo mnayoahidi kuyahudumia, kisha ujaribu kwa simu hizo hizo. Na kama ofisi yenu haina iPhone 7 ya mtumba na Android moja ya bei ya chini kwa ajili ya majaribio, zinunueni kabla ya kulipia leseni ya programu nyingine yoyote.